Ukuta Wenye Alama

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Vipimo, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa ofisini tu, wa kuchapa barua na kutafuta faili zilizopotea, mpaka meneja aliponunua skana, mashine ya kupima ukumbi mzima kwa mwanga, akauliza nani ataishika. Wanaume wakatazamana, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Yeye akanyoosha mkono. Tangu siku hiyo akawa anatembea kidevu kikiwa juu kidogo, na nani asingevimba kichwa?

Skana yenyewe ni kisanduku tu kinachokaa juu ya stendi ya miguu mitatu. Unaisimamisha palipo tambarare, unakodolea macho kipovu cha pimamaji mpaka kitulie katikati, unabonyeza, nayo inazunguka taratibu ikirusha mwanga usioonekana huku na huko. Kila mwanga unapogota, inaweka nukta. Nukta zikijaa unauona ukumbi wote kwenye kompyuta: mabomba, mota, ngazi, hata ndoo aliyoisahau mfagiaji. Mtu akikatiza mbele yake wakati inazunguka, anabaki pichani vipande vipande, kiwiliwili kisicho na miguu. Kwa hiyo ikawekwa kanuni kwamba siku ya kupima mashine zizimwe na watu wote watoke nje.

Wote, isipokuwa mdogo wake. Huyu alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kuchanganya, na wenzake walimwita Kimya kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kiwanda chao kilitengeneza chakula cha mifugo, vumbi la unga lilitanda kila mahali, na alama za skana zisipopanguswa hazisomeki. Kimya alibaki na brashi yake, akazipangusa moja baada ya nyingine huku akipiga soga, kisha akachuchumaa chini ya ukuta akingoja dada yake amalize. Hakuna aliyemwagiza. Alipenda tu kuwa karibu na dada yake akiwa kazini, na dada yake alipenda kuonwa naye.

Alama hizo ni karatasi zenye miraba myeusi na myeupe. Mkufunzi aliyekuja kuifunga skana alieleza kwamba kila ikiwashwa inazitafuta kwanza alama zake, ndipo ijue imesimama wapi na nini kimesogea tangu mara ya mwisho. Akasisitiza zibandikwe pande zote, na kwenye vitu visivyosogea. Mama Vipimo alizibandika pande zote. Lakini za sakafuni zikaliwa na matairi ya foklifti, za kwenye nguzo zikabanduliwa na grisi, nyingine zikafichwa na mabomba mapya. Palibaki pahali pamoja peupe na safi, ule ukuta mkubwa uliotenganisha ukumbi wa mashine na ghala la mahindi. Akazihamishia zote huko. Ukuta unakwenda wapi? Alifanya kama mtu anayeanika nguo zote kwenye kamba moja kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mlango.

Baadaye mashine zikaanza kusogea. Kwenye kompyuta kilichotulia huonekana kijani, kilichosogea huwa cha manjano, kikizidi huwa chekundu. Mashine zote zilikuwa za manjano, zimesogea kidogo kuelekea ukutani. Msimamizi akachukua spana kwenda kukaza nati, na nati hazikuzunguka hata kidogo, zilikuwa zimebana. Alirudi akikuna kichwa. Mara iliyofuata manjano yakaiva kuwa mekundu. Kimya akatangaza kwamba mashine zimechoka kusimama, zinatafuta pa kuegemea, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Msimamizi peke yake hakucheka.

Siku zile mahindi yalikuwa yanaingia kwa wingi, na meneja akataka lundo lipandishwe juu zaidi. Akamwita Mama Vipimo kumuuliza kama ukuta utahimili. Naye akafungua picha yake, ukuta wote kijani kibichi.

"Huu haujasogea hata unywele," akasema.

Mahindi yakapandishwa mpaka karibu na paa. Mlango mdogo wa kuingilia ghalani ukaanza kugoma, ukawa haufunguki mpaka usukumwe kwa bega. Kila asubuhi kulikuwa na magamba ya chokaa chini ya ukuta. Kimya aliyafagia, na kesho yake akayakuta tena.

Asubuhi moja Mama Vipimo alikuwa ofisini akiitengeneza picha ya kipimo cha mwisho. Kawaida yake alifuta kila kitu na kubakisha mashine tu, ili kompyuta isimchoshe. Siku hiyo aliitazama kabla ya kufuta. Nguzo zilikuwa nyekundu. Ngazi nyekundu, sakafu nyekundu, ukuta wa upande wa pili mwekundu, vyote vimesogea upande mmoja. Jengo zima lilikuwa limetoka matembezini na kuuacha nyumbani ukuta mmoja tu, ule wenye alama. Akacheka peke yake, kisha kicheko kikamkwama. Jengo haliendi matembezini. Skana iliambiwa ukuta ndio uliotulia, ikaamini, kama yeye alivyoamini. Kumbe ukuta ndio uliokuwa ukizifuata mashine, na nyuma yake kulikuwa na mlima wa mahindi uliopandishwa kwa neno lake.

Aliogopa watu watakufa. Aliogopa pia uso wa meneja, na minong'ono ya wanaume waliomwachia skana ile. Kusema kweli, hofu hii ya pili ndiyo iliyomjia kwanza mdomoni. Akapata wazo lililoonekana kuwa la busara: atasema anataka kupima tena. Watu watatoka kama kawaida, hakuna atakayedhurika, halafu atamfuata meneja faraghani na kumweleza polepole.

Msimamizi alinung'unika kwamba siku ya kupima bado, lakini akazima mashine. Watu wakamiminika uani, wakifurahia kupumzika bila kutarajia. Mama Vipimo alisimama langoni akizitazama sura zao. Wa mwisho alipopita, akamshika mkono.

"Kimya yuko wapi?"

"Yuko ndani. Si unapima?"

Aliingia mbio, na msimamizi akamfuata kujua kuna nini. Kimya alikuwa ukutani, mwisho wa ukumbi, amewapa mgongo, brashi mkononi. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikika punje zikidondoka mahali fulani.

"Dada, alama yako hii imechanika katikati," alisema bila kugeuka. "Hii haitasomeka."

"Iache, mdogo wangu. Njoo."

"Ngoja niishikishe."

Angeweza kumwambia ukuta unaanguka. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini msimamizi alikuwa begani pake, anasikia kila kitu, naye akayameza, akarudia tu kwamba aje kwanza. Kimya akainua kiganja, kama mtu anayeomba asubiriwe kidogo. Ndipo ukuta ukapasuka kwa sauti nzito, mahindi yakaingia, na vumbi likafunika kila kitu.

Kiwanda kizima kilimshukuru Mama Vipimo. Walisema angechelewa kidogo wote wangezikwa hai. Meneja alisimama kwenye msiba wa Kimya akasema mbele ya watu kwamba moyo wa yule mama ulimtuma kupima siku isiyo yake, na watu wakaitikia. Msimamizi alieleza jinsi alivyomsikia kwa masikio yake akimwita mdogo wake mara mbili.

Wifi yake alimsogelea walipobaki ndani peke yao na watoto. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Wifi, wewe ndiye uliyekuwa naye. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aje."

"Na akakataa?"

Mama Vipimo alitazama mikono yake. "Alitaka kumaliza alama moja."

Wifi akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema mume wake ndivyo alivyokuwa, mbishi, hasikii la mtu, na leo ubishi wake umewaacha watoto yatima. Kisha akawageukia watoto, akawaambia walishike hilo wakue nalo: shangazi yenu alimwita baba yenu, akamwita tena, na baba yenu hakusikia.

Watoto wakamtazama shangazi yao wakingoja athibitishe. Akaitikia kwa kichwa.