Mawe Kumi na Saba ya Ziegelbach

Verna Leibensperger alishona soksi kiwandani miaka thelathini, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa akimtafuta mwanamke mmoja aliyekufa zamani. Mimi nilikuwa jirani yake na dereva wake wa Jumamosi, kwa hiyo nawajua makarani wa Pennsylvania hii kuliko nilivyotaka kuwajua.

Mwanamke huyo, Eva Rosina, bibi wa mabibi zake, alishuka melini Philadelphia mwaka 1749 pamoja na mumewe, Johann Adam. Orodha ya meli inamtaja mume tu, maana waliandikwa wanaume wa miaka kumi na sita kwenda juu. Hati ya shamba, mume. Wosia unasema "mke wangu mpendwa," jina hakuna. Mpendwa gani huyo asiye na jina? Nilikasirika mimi, si Verna. Yeye alifunga daftari lake na kusema, "Haya, twende kwingine."

Bibi yake alikuwa amemwambia kwamba Eva Rosina amelala kando ya ukuta wa makaburi ya kanisa letu la Ziegelbach, kwenye safu ya mawe yasiyochongwa hata herufi. Mwaka 1957 baraza la kanisa likataka kuing'oa safu hiyo lipate maegesho ya magari. Mwenyekiti, Mzee Harvey Moyer, alitangaza kwamba mwenye maandishi ya kuonyesha mtu wake yuko pale ayalete kabla ya kura ya Jumapili.

"Maneno ya bibi si maandishi, Dada Verna," alisema.

"Nitayaleta."

Kanisa letu ni moja lakini sharika ni mbili, Jumapili hii Walutheri, ijayo Wakalvini, na kila upande una kitabu chake. Verna ni Mlutheri, na kitabu cha Walutheri alikuwa amekisoma mpaka kikamkinaisha. Wana watatu wa Eva Rosina walibatizwa humo. Mabinti hawamo, wala maziko yake mwenyewe.

Alhamisi Lottie Bieber, anayetunza kitabu cha Wakalvini, alimletea pai ya sukari guru. Nilikuwa pale jikoni.

"Bado unahangaika na huyo bibi? Mabinti zake walibatizwa wapi?"

"Hawamo. Nadhani walikufa wachanga."

"Wote? We Verna, hebu niondolee! Wavulana humfuata baba, wasichana humfuata mama. Kaka zako mbona wako kwetu, na wewe uko usharika wa mama yako?"

Verna akaweka kikombe chini. "Mume alikuwa Mlutheri," alisema taratibu.

"Na mke alikuwa wa kwetu! Miaka yote hiyo unabisha hodi nyumba siyo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nanyi Walutheri viuno vimekauka."

"Kitabu kiko wapi?"

"Uvunguni mwa kitanda changu. Maliza kahawa kwanza, mwenzangu."

Hakuimaliza.

Jumapili sharika zote mbili zilijaa kanisani. Verna alisimama na kitabu cha Wakalvini mikononi, akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine. Eva Rosina, mke wa Johann Adam, alizikwa Machi 1771, kwenye safu ya ukutani. Wakalvini walitabasamu kana kwamba wao ndio waliomtafuta.

Mzee Moyer alijikuna kidevu. "Maandishi ni maandishi. Tuonyeshe jiwe lake, Dada Verna, tuliache. Mengine tutayaondoa."

"Sijui ni lipi."

"Kitabu hakisemi?"

"Kinasema safu tu. Mawe ni kumi na saba, Mzee Moyer. Mojawapo ni la bibi yangu. Kwa hiyo hamtagusa hata moja."

Hakuketi mpaka mkono wa mwisho ulipohesabiwa. Magari yetu siku hizi huegeshwa kwenye malisho ya Moyer.