Mshenga wa Paka

Nianze kwa kujisifu, maana anayengoja kusifiwa na jirani katika jiji hili la Toronto atangoja mpaka theluji ya mwaka kesho. Mimi nimewahi kumuozesha paka. Si kipaka kichanga cha kubebwa kiganjani, bali dume zima la miaka saba, sikio moja limeliwa na baridi, mkia umepinda, sauti ya kukera. Nilimtafutia nyumba ya kudumu, akaipata, na yuko huko mpaka leo.

Tulionana mara ya kwanza mwezi wa pili, kwenye chumba cha kufulia kilicho chini kabisa ya jengo letu, Weston. Nilikuwa nimeteremka na sare zangu za kazi, kwa sababu nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na sare hazikai safi siku mbili. Paka alikuwa amejibanza nyuma ya mashine ya kukaushia, anatafuta joto. Msimamizi wa jengo aliniambia kuwa mpangaji wa ghorofa ya kwanza alihama mwezi uliopita, akaacha paka na kabati. Kabati lilipata mwenyewe siku ileile.

Nilikokulia, Morogoro, paka hatafutiwi nyumba. Huja mwenyewe, akachagua jiko linalomfaa, akakaa. Kwa hiyo nilidhani kazi yangu ni kumfunika kwa taulo, kupanda naye lifti hadi ghorofa ya nane, na kumwonyesha jiko.

"Nani huyo?" aliuliza mume wangu.

"Mgeni."

"Mgeni siku mbili," akasema, akaenda kumtafutia samaki.

Siku ya tatu, badala ya mgeni kupewa jembe, mwenyeji ndiye aliyekosa pumzi. Mume wangu ana pumu tangu utotoni, na manyoya ya paka yaliiamsha. Nilimsikia asubuhi anavuta dawa yake bafuni mara mbili, mara tatu, kisha anarudi sebuleni kumchana yuleyule anayemziba kifua. Alikuwa amemfundisha maneno mawili, "njoo" na "shuka", na paka alitii "njoo" tu.

Daktari wa mifugo alisema paka ni mzima na amekwisha hasiwa. Mahali wanapopokea wanyama walioachwa nilipigiwa hesabu ya miezi: pamejaa, na paka wakubwa ndio hukaa zaidi, kwani kila anayekuja anataka kipaka kichanga. Nilikata simu kwa hasira. Wazee ninaowaosha kila siku nao husikia maneno ya namna hiyo, tena kutoka kwa watoto wao.

Jioni ile mume wangu aliniambia jambo moja. "Huyu ameachwa mara moja. Asiachwe mara ya pili kwa mikono yetu." Nikampa ahadi. Ahadi yenyewe ilikuwa na mambo mawili yanayovutana: paka asitoke mpaka apate pa kuishi maisha yake yote, na atoke kabla kifua cha mume wangu hakijaharibika. Hatukumpa jina. Ukishampa jina humtoi, na mume wangu namjua.

Nilianzia pale ambapo sote huanzia, kwenye kikundi cha akina mama. Tunakutana Jumamosi katika ukumbi wa kanisa, North York, Watanzania, Wakenya na Wakongo wachache, tunasali, tunakunywa chai, tunasemana kidogo. Baada ya mandazi nilisimama nikamsifu paka wangu. Nilisema ni mpole, ni msafi, ana adabu kuliko watoto wa watu fulani waliokuwa wanakimbizana pale nje. Mama mmoja wa Kisumu akasema polepole, akikoroga chai yake, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Ukumbi mzima ukacheka.

Mimi nikichekwa huwa sioni vizuri. Nikamgeukia mkubwa wetu kwa umri, mjane kutoka Tanga ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa. Alipovunjika nyonga nilikuwa nikienda kumwona hospitalini kila nikitoka kazini, nikimsugua miguu kwa mafuta. Nikasema mbele ya wote, "Mama Mkubwa, wewe unaishi peke yako. Paka huyu atakufaa."

Alitua kikombe. "Haya, mwanangu," akasema. "Mlete."

Wakapiga makofi, nami nikarudi nyumbani nikitembea kwa madaha. Mume wangu aliuliza swali moja tu: kama nilimuuliza Mama Mkubwa anapenda paka. Nikamjibu kwamba mtu aliyekubali mbele ya kanisa zima haulizwi tena.

Kesho yake nikampelekea paka. Kwa wiki tatu nilipiga simu, na kila mara jibu lilikuwa hilohilo: hajambo, anakula, ametulia. Wiki ya nne nikaenda bila kumwarifu, nimebeba sufuria ya maharage ya nazi. Sebuleni hapakuwa na unyoya hata mmoja. Nilifurahi kuona usafi ule. Nikaomba kwenda msalani, na Mama Mkubwa akaniambia niende kwa jirani.

"Choo kimeharibika?"

"Hakijaharibika. Kina mtu."

Nikafungua mlango. Paka wangu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa bafu, ananitazama. Sanduku lake la mchanga lilikuwa safi, maji safi, blanketi limekunjwa vizuri kuliko langu. Lakini alikuwa amefungiwa humo siku zote zile. Kando ya mlango ulisimama ufagio mrefu, na nilipouliza ni wa nini, Mama Mkubwa alisema ni wa kusukumia sahani bila kuingia. Yeye mwenyewe alikuwa akienda kuoga kwa jirani, na nyonga yake ile, kila asubuhi.

"Mama, unaogopa paka?"

"Tangu nizaliwe."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Aliketi kwanza. Kisha akanijibu bila ukali, ndiyo maana maneno yake yalinichoma zaidi. "Umenisugua miguu, halafu ukaniomba mbele za watu. Ningeipitishia wapi hiyo hapana?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimemfunga yeye na paka pamoja. Tunajua sote namna yetu: ombi la uso kwa uso, mbele ya watu, si ombi, ni amri iliyovaa nguo nzuri. Mzungu angesema "hapana, asante" na kuendelea na chai yake. Sisi tutachukua hata chui, tumfungie bafuni, tuseme hajambo.

Nilimsaidia kuosha bafu, huku namwomba radhi. Nilipokuwa nimemtia paka kwenye kikapu chake, Mama Mkubwa, akiwa amesimama mbali upande wa dirisha, alisema, "Mtu hajiposei. Mchumba mwenyewe haulizwi usoni, hutumwa mshenga, ili anayekataa akatae bila kumuumiza mtu. Nipe mimi kazi hiyo."

"Wewe unayemwogopa?"

"Sitamshika. Nitamsemea."

Kwa hiyo paka alirudi kwetu, na kifua cha mume wangu kikarudi kulekule. Tulimweka paka chumba cha kulala, mume wangu akahamia kwenye sofa, na bado haikusaidia. Daktari alimwongezea dawa, kisha akanitazama mimi, si yeye.

Mama Mkubwa alianza kazi kwa kunihoji mimi kwenye simu. Hakutaka sifa. Alitaka kasoro, kwa sababu mshenga anayeficha ila ya mchumba hulaaniwa na nyumba mbili. Nikamwambia kuhusu sikio na mkia. Akasema hayo yanaonekana, niseme yasiyoonekana. Nikakiri kwamba anakwaruza sofa, anakoroma, na alfajiri hupiga kelele mlangoni kana kwamba nyumba inaungua. "Hayo ndiyo," akasema, akakata simu.

Watu watatu walikataa. Siwajui ni akina nani, na sitawajua. Ndiyo faida ya mshenga, hapana zao ziliishia kwake, na Jumamosi nasalimiana na kila mtu kwa moyo mweupe, hata yule wa Kisumu. Wa nne alimtaka haraka sana. Alikuwa na duka Parkdale na panya kwenye ghala, na paka angelala humo ndani ya ghala. Mama Mkubwa hakuniomba ushauri hata kidogo. "Nimemwambia hatuozi ghalani," aliniarifu. Nilikuwa nimechoka, mume wangu alikuwa anakohoa upande wa pili wa ukuta, na kwa dakika moja nilitamani angekubali. Kisha nikajivunia mwanamke yule kuliko nilivyowahi kujivunia ndugu yangu wa damu.

Wa tano alikuwa nesi, Mkenya, anaishi na binti yake wa miaka tisa si mbali na kanisa. Mama Mkubwa alipanga waje kumwona, na masharti alinipa mimi: nipike chai tu, nisipike pilau, maana mtu aliyekula pilau yako hawezi kukataa, na nisiulize neno lolote. Kuniambia mimi nisiulize ni kumwambia mto Humber usiteremke. Lakini niliapa.

Walikuja Jumapili baada ya ibada. Mama Mkubwa alikalia kiti cha karibu na mlango, miguu yote miwili juu ya stuli, mkoba umeshikiliwa kifuani. Paka alitoka chumbani, akatutazama, akaingia chini ya meza. Mtoto hakumfuata wala hakumwita. Alilala chali sakafuni, mikono tumboni, akatazama dari, kama mtu aliyekuja kupumzika tu. Mama yake alimwambia kwa Kiswahili aketi vizuri kwa watu, naye akajibu kwa Kiingereza kwamba anamngoja. Tulikunywa chai. Tukazungumza habari za treni na zamu za usiku. Ilipita nusu saa hivi, paka akatoka chini ya meza, akaenda akakalia nywele za yule mtoto.

Niliuma ulimi. Nilimwaga chai kidogo kwa sababu ya kuuma ulimi. Nesi alitushukuru, wakavaa makoti, wakaondoka, na hakuna aliyesema ndiyo wala hapana. Mama Mkubwa aliteremsha miguu na kusema, "Umejitahidi."

Tulingoja wiki moja. Simu ikaja Jumapili. "Wamekubali," alisema Mama Mkubwa. "Nimemtajia mama kasoro zote, akaniambia, mum, hata sisi tuko na zetu. Wanaomba aje Jumamosi, sababu mtoto anataka kwanza kupanga chumba."

Siku ya kuondoka mume wangu alimchana mara ya mwisho, polepole, mpaka nikadhani atammaliza manyoya. Hakuteremka nasi. Alibaki mlangoni akilia, nami nikamwacha alie, kwa sababu mwanamume anayelilia paka anayemnyima pumzi ni mtu wa kuheshimiwa. Ndani ya wiki mbili alirudi kulala chumbani, na zile dawa za nyongeza zikaachwa.

Baada ya miezi mitatu nesi alitualika. Mama Mkubwa alikataa kubaki nyuma. Alisema mshenga haelezwi ndoa ilivyo, huiona. Akaja na miguu yake ya kunyanyuliwa na mkoba wake wa kifuani, akaketi kwenye sofa iliyokwaruzwa mpaka pamba inaonekana, na sikuwahi kufurahia sofa mbovu namna ile.

Milango yote ya nyumba ilikuwa wazi. Nilitazama bafuni kwanza, nakiri. Hamkuwa na mtu. Paka alikuwa dirishani kwenye chumba cha mtoto, amenenepa, jua limempiga ubavuni, na mtoto amekaa kando yake anafanya kazi za shule. Alikuwa na jina sasa. Walimpa wao, ni lao, sitalitaja.

Nilimwita "njoo", lile neno la mume wangu. Aligeuza sikio lake bovu, akanitazama, akageukia dirisha. Nikasogea nikanyoosha mikono kumbeba, mikono ileile iliyomtoa nyuma ya mashine.

Mtoto akasimama kati yetu. Alitafuta maneno, akayapata, na yalikuwa Kiswahili, kwa sababu alitaka nielewe sawasawa. "Auntie, usimbebe. Hapendi watu hajui."

Mama yake aliaibika. "Wewe! Huyo ndiye alimuokoa."

"Mwache," nikasema. "Amesema kweli."

Nikarudisha mikono yangu. Niliumia, nisidanganye, lakini mgongo wangu ulinyooka kwa fahari. Nikatoka chumbani taratibu, nikaenda kukaa sebuleni karibu na Mama Mkubwa, pale wanapokaa wageni.