Mshenga wa Katibu Omollo

Omollo alikuwa mtu wa kanuni kuanzia unyayo hadi utosi. Benki yake pale Sandton ilimlipa mshahara mnono awaambie wenzake mambo wasiyoruhusiwa kufanya, na akitoka kazini aliendelea kuwaambia watu bure. Robot, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu alisimama, hata pale ambapo Johannesburg nzima inapita ikipiga honi. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mashati yaliyopigwa pasi hadi mikononi, na tangu apate uraia wa Afrika Kusini hakuwahi kukosa kupiga kura.

Jioni alikuwa katibu wa tawi la mtaa wa Observatory la Chama cha Nyumba Imara. Chama chenyewe kilikuwa kidogo lakini kina kelele: kinataka kodi ndogo, polisi wengi, watoto wachomekee mashati shuleni, na ndoa iwe ya mume na mke. Hilo la mwisho lilikuwa ukurasa wa pili wa ilani. Omollo ndiye aliyeupiga chapa ukurasa huo, akasahihisha na nukta.

Na Omollo, jamani, alipenda mwanamume mwenzake.

Najua unachotaka kuuliza. Parfait, huyo mpenzi wake, fundi cherehani kutoka Bukavu, aliuliza kabla yako. Marafiki wa Parfait nao waliuliza, tena kwa vicheko: "Kuku gani huyu anayempigia mchinjaji kampeni?" Mwaka mmoja walimvuta kwenye yale maandamano yao ya rangi zote, akaenda na tai, akashinda akinung'unika kwamba maandamano yamechelewa kuanza kwa dakika hamsini. Alipobanwa sana alijibu hivi: "Nikitoka mimi, ukurasa wa pili atakuja kuufuta nani?" Jibu lenyewe halikumridhisha mtu, na tusidanganyane, yeye mwenyewe halikumtosha.

Ukweli ni kwamba aliyapenda mengine yote. Baba yake kule Kisumu alikuwa na nyumba tatu na hakuwa na nyumba. Alilala anapochokea, na watoto wakamjua kwa mlio wa pikipiki. Omollo alikua akiota kitu kimoja tu: nyumba yenye mlango mmoja, watu wale wale mezani, na kila mtu anajua saa ya chakula. Chama kilipokuja na maneno hayo, alijiona amefika kwao. "Mwacha mila ni mtumwa," alipenda kusema, mpaka Parfait akawa anamalizia sentensi yenyewe kwa kupiga miayo.

Sasa sikia kituko. Kauli mbiu ya tawi ilikuwa "Barua kwanza, kitanda baadaye," na ilitungwa na mwenyekiti, Mzee Njoroge, mhandisi mstaafu aliyekaa mji huu miaka thelathini. Vijana wa tawi waliishangilia mkutanoni kisha wakarudi nyumbani kwa wachumba wao, sogea tuishi kila mmoja. Aliyeifuata alikuwa mmoja. Kwa miaka mitatu Omollo aliteremka kilima kwenda Yeoville, nyumbani kwa Léocadie, dada mkubwa wa Parfait, akala sombe ya majani ya muhogo, akacheka, akashikwa mkono chini ya meza. Ikifika saa tatu kamili alisimama, akavaa koti, akaaga.

"Weye uko mutu wa namna gani?" Parfait alimwuliza.

"Mtu wa ndoa," alijibu, akaondoka.

Mwishowe, Jumapili moja mchana, Parfait aliweka kijiko chini. "Bon. Minakubali ndoa. Lakini haitakuwa ya kupitia dirisha. Yaya Léo, dada yangu, njo alinilea tangu mama afe. Utaleta muzee wako aje aniombe kwake, mbele ya watu, sawa vile banaombaka mutoto wa mutu yoyote. Jumamosi ya tarehe kumi na ine. Kama hakuna muzee, minabeba cherehani yangu ninaenda Cape Town. Kule banatafuta fundi wa nguo za jukwaani, na banipende basinipende, hakuna atakayenificha."

"Sijakuficha."

"Katika chama yako banajua jina yangu?"

Omollo akanyoosha tai yake. Hakuwa na kanuni ya kumsaidia hapo.

Akaanza na wa kwao. Alimpigia baba yake mdogo Kisumu. Simu ilikatwa kabla salamu haijaisha, kama ilivyokuwa ikikatwa tangu mwaka ule alipomwambia mama yake ukweli. Basi akabaki na mzee mmoja tu duniani aliyemwita mzee kwa moyo. Akaenda kwa Njoroge.

Alimkuta sebuleni akikunja vipeperushi vya kampeni, maana uchaguzi wa madiwani ulikuwa umebaki wiki sita na mgombea wa kata alikuwa huyu huyu Omollo.

"Mzee, nataka kuoa. Nimekuja kukuomba uwe mshenga wangu, Jumamosi ya tarehe kumi na nne, kule Yeoville."

Njoroge aliruka kutoka kitini kama kijana. "Hatimaye! Binti wa nani?"

"Si binti, Mzee. Ni Parfait. Yule aliyekushonea hilo koti."

Njoroge akakaa. Akalitazama koti, akautazama mkono wa koti, mshono wa bega uliokaa sawa kuliko koti lolote alilowahi kuwa nalo. Kwenye ukosi kulikuwa na beji ya chama.

"Katibu," alisema polepole, "wewe ulinyamaza, na mimi nikanyamaza. Tulikuwa tunaelewana vizuri sana."

"Tulifunika kombe, Mzee. Sasa nimechoka kuwa mwanaharamu anayepita."

"Lakini ukurasa wa pili..."

"Naujua. Nimeupiga chapa. Kila kingine ulichosema nimekifuata. Barua kwanza, nimefuata. Heshima kwa wakwe, nimefuata. Miaka mitatu natoka kwa mchumba wangu saa tatu! Nionyeshe kijana mwingine wa tawi hili."

Mzee alijikuna kidevu. Alimpenda Omollo, hilo lilionekana, na ndilo lililomfanya asimtazame usoni. "Siwezi, mwanangu. Ninaamini ninachosema jukwaani. Siigizi. Nisamehe."

Iliuma. Iliuma kuliko simu ya Kisumu, kwa sababu ile alishaizoea. Omollo alishuka ngazi, akakaa ndani ya gari bila kuwasha, mpaka mlinzi wa mtaa akaja kumgongea kioo na kumwuliza kama yuko sharp, yaani salama. Akasema yuko sharp.

Omollo hakumwambia Parfait. Badala yake akachukua orodha ya posa aliyopewa na Léocadie, akaanza kununua: vitenge jozi sita, suti ya mjomba, jembe, kreti nne za soda, taa ya chemli, mbuzi. Kuhusu taa, mtu asicheke. Katika mji huu wa kukatikiwa umeme taa si mila tu, ni akili. Lakini chemli ya kweli haipatikani hovyo, na ndiyo iliyomzungusha Ijumaa nzima mpaka akakosa kikao cha kamati ya tawi, mara ya kwanza katika miaka minne. Na yule mbuzi alipatiwa barua ya daktari wa mifugo, yenye muhuri. Omollo ni Omollo.

Jumamosi saa nane mchana alisimama nje ya geti la Léocadie, suti ya buluu, jembe begani, kamba ya mbuzi mkononi. Majirani walikuwa wameshatoa viti.

Léocadie alikuja getini amejifunga kitenge kipya, mnene, mzuri, uso umekaza. Nyuma yake wakwe wa Kikongo walijaa uani. "Karibu. Nani atakusemea?"

"Nitajisemea mwenyewe, Dada."

"Ah, non. Bwana harusi hasemake. Ile ni mila." Akatabasamu kidogo, kwa huruma. "Si weye njo unapenda mila?"

Hapo akawa amenaswa na mtego aliousifia maisha yake yote. Angemwomba jirani? Jirani si mzee wake. Angesukuma geti? Hajawahi kusukuma geti. Akasimama. Dakika kumi, ishirini, nusu saa. Mbuzi alianza kula maua ya ukuta wa watu, na Omollo, mtu wa kanuni, akamwacha ale. Dirishani aliuona uso wa Parfait. Mwanzoni ulikuwa unacheka kwa ajili ya mbuzi. Kisha ukaangalia barabara yote, juu na chini, ukaelewa kwamba hakuna mtu anayekuja, na pazia likashuka.

Ndipo gari kuukuu la Njoroge likasimama kando ya barabara, nusu juu ya njia ya wapita kwa miguu, jambo ambalo siku nyingine lingemletea maneno ya Omollo.

Mzee alishuka amevaa koti lile lile. Beji haikuwapo, yalibaki matundu mawili madogo kwenye ukosi.

"Usiniulize kitu," alisema, bila salamu. "Unamjua binti yangu Wamaitha? Yuko Midrand na huyo Roy wake, mwaka wa sita huu. Miaka sita kila Jumamosi nanyoa ndevu, nikidhani leo mtu atakuja kupiga hodi. Hajaja. Jana usiku mke wangu ananiambia, 'Kijana mmoja tu katika mji huu amekuja kutafuta mzee, na umemfukuza.' Sikulala." Akamnyang'anya jembe. "Lete hapa. Bwana harusi habebi jembe, hukufundishwa?"

Akagonga geti kwa mpini. "Hodi wenyewe!"

Waliketishwa uani. Njoroge akasimama, akakohoa. Posa alizosimamia kama mshenga zilikuwa kumi na moja, na maneno aliyajua kwa moyo: tumeona ua zuri katika bustani yenu. Akafungua mdomo, akamtazama Parfait, mwenye ndevu na mabega ya mbeba magunia, akaufunga. Uani watu wakaanza kuuma vidole wasicheke.

"Tumeona," akasema, "tumeona... fundi. Fundi mzuri katika nyumba yenu. Na sisi kwetu kuna mtu amechanika."

Kina mama wakapiga vigelegele hadi mbuzi akashtuka. Léocadie alipokagua vitu vyote, hata barua ya daktari wa mifugo, alimgeukia mdogo wake kama mila inavyotaka. "Parfait, vintu vyote iko hapa. Tupokee?"

Parfait akamgeukia Njoroge. "Mbele ya mimi kujibu, Papa muzee anijibu na yeye. Jumatatu, huyu atarudia kwa ile chama yenu?"

Omollo akafungua mdomo. Léocadie akamnyooshea kidole. Bwana harusi hasemi. Wa kujibu alikuwa mshenga.

Njoroge alishika ukosi wake, pale penye matundu. "Nikiwa mshenga siwezi kusema uongo," alisema. "Jana kamati ililifuta jina lake. Si mgombea tena. Kalamu nilishika mimi."

Omollo alimgeukia mshenga wake. Kwa hiyo ni huyu aliyemkata, na ni huyu aliyembebea jembe. Alitaka kukasirika akashindwa. Alitaka kulia, na watu ni wengi.

"Sasa atarudia kule kufanya nini?" Parfait aliuliza. Sauti ilikuwa imebadilika, haikuwa ya mzaha tena. Alimsogelea Omollo hatua moja.

"Hilo hata mimi sijui," alijibu Njoroge. "Na mkutano ukirudiwa, nitapiga kura ile ile, nisikudanganye. Lakini huyu namjua. Atarudi. Atapanga viti, atatugombeza tukichelewa, atatupinga mpaka tuchoke. Kisha atarudi nyumbani. Na ukinikubalia leo, nyumbani kwake ni kwako."

Wakati huo Omollo alikuwa amenyoosha mkono juu, kama mtu mkutanoni. Léocadie akakataa kwa kichwa. Basi akatoa karatasi mfukoni, akaandika haraka, akampa mshenga wake.

Njoroge alivaa miwani. Akasoma. Mabega yakaanza kutikisika; alicheka hadi machozi yakamtoka, akalazimika kukaa. "Anauliza," alisema akijifuta, "kama akidi ilitimia."

"Ilitimia?" aliuliza Léocadie, ambaye hakujua akidi ni nini lakini aliona ni jambo zito.

Mzee akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. "Wanatakiwa watano. Tulikuwa... wanne." Akamgeukia Omollo, uso umemshuka. "Wewe ndiye huwa unahesabu. Wa tano alikuwa anatafuta taa ya hawa watu."

Parfait alijifunika uso kwa viganja. Alipovitoa alikuwa anacheka na macho yamelowa. "Yaya, mupokee. Mupokee mbio. Mutu kama huyu nitamupata wapi tena?"

Chakula kikapakuliwa. Njoroge alikula sombe kwa mashaka, kisha bila mashaka, na kabla ya kunawa aliikunja ile orodha ya posa akaitia mfuko wa ndani. "Hii ninaichukua," alisema. "Kuna kijana Midrand anaihitaji."

Ndipo Léocadie akatangaza kwamba bwana harusi sasa anaweza kusema. Wakongo wakajiweka sawa kusikiliza mapenzi. Omollo akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mzee Mwenyekiti, uamuzi wa jana ni batili. Mkutano urudiwe, na nitakupinga." Parfait akaguna. "Lakini usiuitishe Jumatatu. Jumatatu saa nne nina miadi ofisi ya ndoa. Na wewe huna nafasi, maana ninahitaji shahidi."

Njoroge alivaa tena miwani. Kisha akatoa kalamu, ile ile ya jana, akauliza waje na kitambulisho au pasipoti.