Walipokuja Kupima Ukoo wa Viwavi

Mwaka ule viwavi walitumalizia mahindi hapa Bwera, tukala bundu, ugali wa muhogo, mchana na jioni mpaka wajukuu wangu wakaanza kuota mahindi ya kuchoma. Mimi, mkulima ninayejisifu hata kanisani, nilishatangaza kwamba viwavi hao waliletwa na mbegu za jirani yangu Biira, alizonunua Kongo.

Halafu akaja binti mtafiti kutoka Kasese na vichupa vyake. Alisema anachukua viwavi wa kila shamba wapimwe vinasaba, ijulikane ukoo wao na walikotoka. Redioni nilisikia kipimo kama hicho humfichua baba wa mtoto. Nikaogopa. Je, kikitaja shamba langu? Biira angenicheka soko zima.

Kesho yake nikaamka mapema, nikaingia katikati ya mahindi, nikaokota viwavi na kuwaponda wote niliowaona. Binti alipofika na Biira nyuma yake, nikaziba njia ya shamba.

"Kwangu hakuna mududu."

"Jaja, hatutafuti mwenye makosa," akasema binti kwa upole, kama anayesema na bibi yake. "Hii mududu asili yake ni Amerika, ng'ambo ya bahari. Tunataka tu kujua ilipita njia gani."

Hapo ningesogea, lakini nilishasema, na Biira alikuwa anasikiliza. Akaninyooshea kidole kwenye kilemba.

"Na hii inatembea kwa kichwa yako, mama, ni ya nani? Imekuja kusalimia?"

Nikamsikia kiwavi akishuka polepole kwenye paji la uso, akifuata pua.

"Kwangu hakuna mududu."