Maua ya Mahindi Aliyovunja Mama

Juzi nilimkuta mwalimu wa mjukuu wangu amewasimamisha watoto kwenye mahindi ya shule. "Ua la juu ni dume," akawaambia. "Unga wake usipoangukia zile nywele, gunzi halipati hata punje." Mimi darasa la tatu sikumaliza, na nimejenga Kitale hii kwa mikono. Lakini siku hiyo nilikaa chini kwenye nyasi.

Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa kibarua kwa mzungu aliyelima mahindi ya mbegu, upande wa Endebess, nami nikimfuata shambani. Akina mama walivunja maua ya juu, ila mistari ya madume, iliyowekewa vigingi ibaki kutoa unga, haikuguswa. Unga wa njano ulituwasha shingo. Nyapara akaona ua moja limesahauliwa kwenye mstari wa Mama.

"Wee mama, macho uliacha Bungoma?"

"Ni moja tu, bwana."

"Hiyo moja ndiyo inaharibu!"

Kiboko kililia hewani, nguo ikachanika, mgongo ukapasuka. Mama akaanguka. Nyapara akamkanyaga mkono, akampiga mpaka damu ikaingia udongoni, kisha akaenda kunywa chai.

Mama aliinuka bila kulia. Akaingia kwenye mistari ya vigingi, akavunja kila ua, huku damu inachuruzika. Nikaona aibu, nilidhani kiboko kimemfundisha utiifu.

"Mama, si twende?"

"Ngoja, baba," akasema, akivunja la mwisho. "Mzungu wao mwaka huu atavuna majani."

Nikadhani amepigwa kichwani. Mahindi yote yalikuwa yamesimama, mabichi, yanapendeza.