Vikapu vya Makumbi vya Kavinya

Asubuhi hiyo chai ilimshinda Kavinya. Angeinywaje, na jina lake linapakwa matope Kayole nzima? Wanyoike, muuza samaki wa mapambo anayechukua vikapu vyake kuviuza dukani, alikuwa akimwambia kila mteja kwamba makumbi ya yule mama yana sumu, yameua samaki wa watu. Yameua! Makumbi ya nazi!

Vikapu vyenyewe havizidi kikombe cha chai. Mmea wa majini hupandwa humo, kikapu kikazamishwa kwenye tangi la samaki, na mizizi ikajipenyeza kati ya nyuzi. Kavinya huokota makumbi kwa wauza madafu wa Majengo, akayaloweka wiki tatu, akimwaga maji kila siku mpaka yatoke safi, ndipo ayashone kwa uzi wa katani. Wiki tatu za mgongo kuuma, halafu mtu amwite muuaji!

Alijifunga leso kiunoni, akaenda Tassia kwa Norah, karani mstaafu aliyefiwa na samaki.

"Kavinya, sina ubaya na wewe," Norah alisema mlangoni. "Lakini samaki wangu wanane wameisha."

"Nionyeshe kikapu."

Norah alimletea kimoja ambacho hakuwa amekitumia. Mshono ulikuwa wa Kavinya, lakini rangi haikuwa yake. Makumbi yake ni ya kahawia. Haya yalikuwa yamepauka. Akakinusa. Dawa ya kung'arishia nguo, ile ile ya kufulia mashati meupe!

"Wanyoike aliniambia hivi vyeupe ndivyo vya hali ya juu," Norah alisema, naye akinusa.

Kumbe Wanyoike ndiye aliyeiharibu kazi ya Kavinya kwa mikono yake mwenyewe, kisha akamtwika yeye lawama! Kavinya alirudi Kayole na kikapu mkononi, Norah akimfuata.

Dukani kwa Wanyoike kulikuwa na wateja watatu.

"Mathe, kuja baadaye," Wanyoike alisema. "Si unaona niko na wasee?"

"Hao ndio ninaowataka. Hiki kikapu ni changu?"

"Ni chako. Na ndicho kiliua samaki. Usituletee drama."

"Na hivyo vya kahawia ndani ya tangi lako, nani alivishona?"

Wateja waligeuka. Katika tangi kubwa la Wanyoike, samaki wake wa bei walikuwa wakizunguka vikapu sita vya Kavinya, wanono, wazima.

Kavinya alinyoosha mkono, akakishika kile cheupe juu ya maji.

"Wacha!" Wanyoike aliruka, akamdaka mkono. "Utaniulia samaki!"

"Kwa nini, na vile vingine vimekaa humo tangu Krismasi?"

Wanyoike aliuachia mkono wake.

"Waambie uliweka nini," Norah alisema.

Wanyoike aliinama, akanong'ona jambo kuhusu dawa ya nguo.

"Paza sauti," Kavinya alimwambia. "Mimi hukunisema kwa kunong'ona."