Mama mkwe alinisimamisha mbele ya wageni kama fundi wa keki

Admin, tafadhali ficha jina langu na picha yangu usiweke, kwa sababu mashemeji zangu wako hapa kwa page. Majina pia nimebadilisha.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na mbili, naishi Kiwanjani hapa Isiolo. Shule niliachia darasa la nane kwa hivyo nikikosea kuandika mnisamehe. Mimi ni Mturkana, mama yangu yuko Leparua. Mume wangu ni Mmeru, anauza miraa hapa town. Tunaishi kama mume na mke na tuna msichana mmoja, lakini watu wa kwao hawajawahi kufika kwetu hata kusalimia. Mtoto alipozaliwa tulifuata desturi yao, kwamba msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba. Wacha nimwite Kanana. Nilijiambia mama mkwe akisikia jina lake linaitwa ndani ya nyumba yangu, roho yake italainika. Hakuja kumwona. Alituma sukari na mtu.

Mwaka huu mama mkwe alifanyiwa upasuaji, Mungu akamsaidia akapona. Akapanga shukrani nyumbani kwake, aalike kanisa na majirani wote. Mume wangu akamwambia najua kupika keki. Jamani, alinipigia simu yeye mwenyewe, mara ya kwanza. Akasema, "Nasikia unajua mambo ya keki. Nipikie ya njugu, hiyo ndiyo itapita kwa koo yangu. Na iwe kubwa, watu ni wengi. Siku hiyo utasimama mbele watu wakujue."

Nilikata simu nikalia kwa furaha. Nikamwambia Kanana, "Shosho yako ametuita."

Njugu nilikaanga mwenyewe, nikapeta maganda kwa ungo, nikatwanga mpaka ikatoa mafuta ikawa laini. Sina oveni. Jirani yangu Mama Halima aliniazima karai yake ya sherehe, tukaweka mchanga chini, trei juu yake, tukafunika na bati na makaa juu ya bati. Kila nikitaka kuchungulia ananipiga mkono. "Abaayo, dada yangu, wacha! Unafungua fungua kama mlango ya duka, joto yote inatoka. Hiyo keki itakaa kama chapati, na huyo mama mkwe yako atasema si nilijua." Tulicheka sana. Trei moja ikitoka tunaingiza ingine. Ile siagi ya njugu nilipasha moto na sukari laini nikamwagia keki ikiwa bado ya moto, ikashuka mpaka kwa kona. Siku ya shukrani nikavaa nguo yangu ya kijani, nikamsuka Kanana.

Mnajua sherehe zetu. Kabla keki ikatwe, aliyeipika anaitwa mbele aeleze ni keki gani, halafu watu wa familia wanaitwa mmoja mmoja wanalishwa. Mimi nilikuwa nangoja hapo. MC akashika maikrofoni. "Mama yetu hajatubania jameni! Ametuletea fundi wa keki kutoka Kiwanjani! Fundi, kuja mbele, usione haya!"

Watu wakapiga makofi. Nikamwangalia mama mkwe, nikijua MC amekosea na sasa hivi atamrekebisha. Alikuwa anafunga kitambaa chake vizuri. Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa anapiga picha, akainamisha uso kwa simu.

Nikapewa maikrofoni. Nikasema, "Hii ni keki ya siagi ya njugu. Kama kuna mtu njugu inamdhuru, asikule." Nikairudisha.

Familia ikaitwa. Kaka mkubwa wa mume wangu akaenda na bibi yake, mama mkwe akamshika huyo bibi bega akasema, "Huyu ndiye mkwe wangu, mwalimu." Halafu mume wangu akaitwa peke yake. Akaenda. Alipita karibu na mimi nikiwa nimeshika kisu, akafungua mdomo akalishwa keki yangu.

Hapo ndipo Kanana alichomoka kwangu. Alikimbia mpaka mbele, akafungua mdomo kama kifaranga. "Shosho! Na mimi!" Watu wakacheka. Mama mmoja wa kanisa akamuuliza, "Na wewe mrembo, unaitwa nani?" Akajibu kwa nguvu, "Kanana!" Yule mama akashangaa. "Ala! Si hilo ni jina lako, mama?"

Mama mkwe akasema, "Majina ni mengi. Ni mtoto wa fundi. Mpeeni kipande akae kando."

Hakumpa kwa mkono wake. Alipewa na mtu wa kugawa soda.

Nilirudi nyumbani na trei zangu tupu. Mama Halima akaniuliza kwa mlango, "Haya, walikutambulisha?" Nikamwambia, "Walimaliza keki yote." Akanipokea trei. Mume wangu naye anasema nisiweke kinyongo, mama yake ametoka kuugua juzi, atazoea pole pole.

Sasa shemeji mdogo anaoa. Mama mkwe hakunipigia mimi, alipigia mtoto wake: "Mwambie yule msichana apike kama ile, lakini kubwa zaidi." Mume wangu alikuja akitabasamu. "Unaona? Ameanza kukupenda." Na mimi, msinicheke, kuna mahali ndani yangu panataka kuamini. Kanana akicheza anaweka matope kwa kifuniko cha sufuria, ukimuuliza anasema anapikia shosho.

Mama zangu mliokaa kwa ndoa, mniambie ukweli bila kunitusi. Nipike, au nimbebe mtoto wangu niende Leparua mpaka waje kunichukua kama watu? Na nikipika, nipewe tena ile maikrofoni, niseme mimi ni nani?